Gego la Kwanza

Kwetu Nakopela mtoto wa pili haulizwi. Anakula, anasoma, anaolewa, na akifa anasomewa hitima kama wengine, lakini likija jambo la nyumba anayesimama ni kifungua mimba. Si lazima awe na akili. Mjomba wangu Mshamu alikuwa kifungua mimba na sijawahi kumsikia akimaliza sentensi bila kucheka, lakini aliisemea nyumba yake miaka arobaini na hakuna nduguye aliyethubutu kufungua mdomo kabla yake. Mimi, Siwema Nangumbi, fundi wa maabara wa zahanati, nimekaa nyuma miaka arobaini na mmoja, na aliyekaa mbele yangu ni dada Somoe.

Natanguliza hili kwa sababu watu wa mikoa mingine wanatuuliza, baadhi kwa huruma na wengi kwa kejeli, ilikuwaje mji mzima ukaenda kujikabidhi kwa miguu yake. Wanadhani tulikuwa wajinga. Tulikuwa na adabu, na adabu ndiyo iliyotumaliza.

Tangazo lilibandikwa kwenye ghala la korosho, mlango wa mashariki, siku wanawake walipokuwa wakibangua mzigo wa mwisho. Mamlaka ya Asili, ofisi ya kupima nani ametoka wapi, ilikusudia kuligeuza ghala kuwa Kituo cha Kungojea. Jina zuri, utadhani ni mahali pa kusubiri gari. Wangewekwa humo watu ambao maji yao ya utotoni si ya nchi hii, wangoje mpaka nchi yao iwapokee. Wakati huo watu walikuwa wakivuka mto Lihuku kila wiki wakikimbia ukame wa ng'ambo, na kila mji wa mpakani ulikuwa unapata ghala lake.

Kuhusu maji ya utotoni, nieleze kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Gego la kwanza la mtu mzima linajengwa ndani ya taya tangu anapozaliwa hadi anapofika miaka mitatu, halafu halibadiliki tena. Maji anayokunywa miaka hiyo yamepita kwenye mawe, na kila eneo lina mawe yake, kwa hiyo gego linabaki na alama ya mahali. Zamani ilikuwa lazima ling'olewe na kusagwa. Siku hizi kuna kisomajino. Unakiuma kwa upande kama mtu anayeng'ata muwa, unahesabu mpaka tisa, nacho kinajua ulikunywa kisima gani kabla hujajua jina lako. Karatasi zinaghushiwa na lafudhi inaigwa, walisema wakubwa walipopitisha sheria, lakini gego halihongeki.

Sheria hiyo hiyo ilituachia tundu moja. Kama nyumba mia sita za wenyeji zingepinga ndani ya siku ishirini na moja, mradi unakufa. Kila anayepinga athibitishe uenyeji wake kwa kisomajino. Afisa wa Mamlaka, kijana mpole aitwaye Evodi, alitusomea kifungu mara tatu kwenye kipaza sauti: kipimo kitatumika kwa uhakiki wa pingamizi na si kwa jambo jingine lolote. Alisema hata sisi tunaruhusiwa kuleta fundi wetu akiendeshe, ili tusiseme tumechezewa. Kamati ikanitaja mimi.

Kamati ilikuwa ni dada Somoe. Wengine tulikuwepo, lakini nisidanganye. Alikuwa kiongozi wa wabanguaji, vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda mpaka havina alama, na kwa siku kumi na saba alipita mitaa yote akibisha hodi kwa vidole hivyo. Aliwaambia watu kwamba ghala lile walilijenga wenyewe kwa ajili ya korosho, na kwamba mtu akishazoea kupita karibu na waya wenye watu nyuma yake, atazoea chochote. Waliomfukuza aliwarudia kesho yake na kuanza upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Nilimwonea fahari, na nilimchukia kidogo, kwa sababu kila aliponisogelea ilikuwa ni kunitaka nibebe daftari.

Siku ya kuamua nani aende kuuma, mwalimu mmoja mgeni alipendekeza aende yeyote aliye na nafasi, kwani sheria inataka mwenyeji mmoja tu kwa nyumba. Watu walimtazama kama mtu aliyekohoa msikitini. Dada Somoe alimjibu kwa upole kwamba pingamizi ni neno la nyumba, na neno la nyumba lina mwenyewe. Waliokuwepo wote wakaitikia. Nikaandika: kila nyumba italeta kifungua mimba.

*

Tulikusanyika uwanja wa shule asubuhi, foleni ikazunguka mara mbili. Mzee Chilumba, mwenye miaka sabini na minane, alivaa kanzu ya Idi na kuweka kiti chake mbele kabisa, akiapa kwamba gego lake ndilo pekee lililobaki na amelihifadhi kwa kazi hii. Dada Somoe aliuma wa kwanza, Mzee Chilumba akafuatia. Kioo cha mashine hakikuonyesha majibu, kiliandika tu "Imepokelewa".

Vumbi la maganda likaingia kwenye mdomo wa mashine. Ilipofika saa nne, watu themanini na kitu wakiwa wamepita, ikakwama. Evodi alikuwa amekwenda kunywa uji, na siku ya mafunzo alikuwa amenionyesha jinsi ya kufungua ukurasa wa mafundi ili kuisafisha. Nikaufungua. Humo majibu hayafichwi. Kila mtu ana mstari wake, mwaka kwa mwaka.

Mstari wangu mwenyewe nilishauona kwenye mafunzo. Umenyooka, wa Nakopela mwanzo hadi mwisho. Wa dada Somoe ulianza hapa, na alipofika mwaka mmoja ukapanda juu na kubaki huko. Wa Mzee Chilumba vilevile. Nikashuka chini, watu themanini, wote walianza hapa na kupanda mahali pamoja. Nikadhani ni vumbi. Nikaifuta mashine kwa spiriti, nikasoma tena, na mistari ikapanda palepale.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mtu wa Nakopela anakijua na hakuna aliyewahi kukifikiria. Wazee wetu walitoka ng'ambo, Chiwale, wakati wa vita, wakaacha makaburi yao huko. Walikubaliana kwamba kila kifungua mimba akitimiza mwaka aachishwe ziwa Chiwale, anyweshwe maji ya kisima cha wazee, akae kwa mabibi mpaka afike miaka mitano, kisha arudishwe. Sisi wa nyuma hatuendi, tunabaki na mama zetu. Hiyo ndiyo sababu wao wanasema na sisi tunangoja, kwamba wamekunywa maji ya wazee. Na hayo maji ndiyo yaliyokuwa yanang'aa mbele yangu kwenye kioo, mstari baada ya mstari, yakisema ng'ambo, ng'ambo, ng'ambo.

Tulikuwa tumewachagua kwa uangalifu mkubwa watu walewale ambao mashine ingewaita wageni. Tungeleta wa pili, au wa tisa, au mlevi yeyote wa sokoni ilimradi si kifungua mimba, tungeshinda.

Sikuwa na hakika Mamlaka ingefanya nini. Kifungu kilisema uhakiki tu. Lakini nilijua vya kutosha kuogopa, nikafunga ukurasa, nikaondoka pale mezani na kumwendea dada. Alikuwa chini ya bendera, amezungukwa na wasemaji wa mitaa yote, anapanga majina ya mchana. Nilisimama pembeni. Hakugeuka. Nikamgusa bega na kumwambia kwamba kuna jambo kwenye mashine, nataka aje peke yake, sasa hivi.

Hakunipandishia hata sauti. "Siwema," alisema, "wa pili anangoja."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni utani wa kwetu, nimeusikia tangu nikiwa na meno ya maziwa. Mzee Chilumba alicheka pia, na gego lake likaonekana.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini kama wasingecheka. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuiangusha mashine kwenye saruji, ingevunjika kama sahani. Kulikuwa na watu zaidi ya mia tano ambao hawajauma. Nilichofanya ni kusema moyoni, haya, nangoja. Nikarudi mezani. Uso ulikuwa unaniwaka, na nasema wazi kwamba ndani ya moto ule palikuwa na utamu kidogo, kwamba kwa mara ya kwanza nilijua jambo la nyumba ambalo dada yangu hakulijua. Nikafuta mdomo wa mashine na kumwita anayefuata.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa na nyumba mia sita na kumi na mbili. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo wakasikia. Wanawake walimbeba dada Somoe juujuu, naye akaniona kwa mbali, akaninyooshea mkono kwa furaha nije nami nibebwe. Nilijifanya nafungasha nyaya.

*

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Pingamizi halali, ishirini na nne, za nyumba zilizohamia kutoka mikoa mingine. Pingamizi batili, mia tano themanini na nane, kwa kuwa wapingaji si wenyeji. Ghala likazungushiwa waya ndani ya juma moja, na magari yalipokuja hayakwenda kutafuta watu wa ukame. Yalikuja na orodha, na orodha ilikuwa ni daftari langu, kwa mpangilio wangu.

Wengi walikwenda wenyewe. Utamkimbizaje mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kusimama nyumba inapoitwa? Jina lilisomwa, naye akasimama. Mzee Chilumba alivaa kanzu ileile. Dada Somoe alimwachia Hidaya, kifungua mimba wake, funguo, akamwambia asisahau kuanika maganda, akapanda gari bila kushikwa.

Nilimfuata Evodi nikamkumbusha kifungu. Hakukasirika, wala sijawahi kumwona amekasirika. Aliniambia kifungu kimeheshimiwa neno kwa neno: kipimo kilitumika kwa uhakiki, na uhakiki ukaonyesha kwamba hawa ni wageni, na mgeni akishajulikana Mamlaka haiwezi kujifanya haijui. Nikamuuliza watangoja mpaka lini. Akaeleza kwa subira, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa dozi. Nchi ya ng'ambo nayo ina visomajino, lakini wao kwa sheria yao wanasoma gego la mwisho, lile linalojengwa kati ya miaka minane na kumi na tano. Gego la mwisho la watu wetu linasema Nakopela. Sisi tunasoma la kwanza, wao wanasoma la mwisho, na kila nchi iko sahihi kwa sheria yake.

"Kwa hiyo watangoja," alisema. "Ndiyo maana kinaitwa hivyo."

Tuliruhusiwa kwenda kwenye waya Jumapili. Nilimpelekea dada ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, na niliposimama mbele yake nikaona kwamba nisipomwambia siku hiyo sitamwambia kamwe. Nikamweleza vumbi, ukurasa wa mafundi, mistari. Alisikiliza huku anakula. Watu wa jirani kwenye waya walisogea karibu.

"Uliona saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ndipo ulipokuja kunigusa bega."

"Ndiyo."

"Walikuwa wamebaki wangapi?"

"Mia tano na kitu."

Alimaliza kutafuna. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote anayoyajua, na anayajua mengi. Alinirudishia bakuli kwenye upenyo wa waya na kusema kwamba ming'oko haikuiva vizuri. Kisha akaenda kukaa chini kwenye kivuli cha ukuta, kati ya watu aliowapeleka yeye na niliowapitisha mimi, na Jumapili zote zilizofuata alikuja kupokea chakula na kuniuliza habari za Hidaya tu.

*

Mwezi wa pili wa kungoja kwao Evodi alituletea habari ambayo aliiita njema. Kwa kuwa nyumba zetu sasa hazina wasemaji, sheria inamtambua anayefuata. Wa pili wote tulikuwa na magego safi. Tungeweza kupinga upya, na safari hii hakuna mashine itakayotukataa. Nyumba mia sita zikipinga, kituo kinafungwa.

Aliacha tushangilie kwanza. Halafu akasema kwamba kituo kikifungwa, wangojeaji watahamishiwa kituo cha kaskazini, siku tatu kwa treni, ambako hakuna Jumapili za waya. Nyumba zikiridhia, watabaki hapa na tutaendelea kuwaletea chakula. Lakini kituo kikibaki, kusoma magego kutaendelea, kwani sheria inasema pasipokuwa na kituo wilayani watoto wa wilaya hiyo hawasomwi, na pakiwepo kituo wanasomwa wakitimiza miaka kumi na sita. Vifungua mimba wetu wote, wadogo kwa wakubwa, walinyweshwa kisima kilekile. Hidaya alikuwa na miaka kumi na sita na miezi miwili.

Kamati ikakutana, kamati ya watu wa nyuma, na hapakuwa na anayejua kuanza. Tulikuwa hatujawahi kusemea hata mbuzi. Mwisho wakakubaliana kwamba nyumba ya Nangumbi iitwe ya kwanza, kwa heshima ya dada, na kwamba nitakalosema mimi ndilo watakalosema.

Kikao kilifanyika langoni, mchana. Wangojeaji walisimamishwa nyuma ya waya ili, kama Evodi alivyosema, haki itendeke mbele ya macho yao. Dada Somoe alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kupona, vimeota ngozi mpya laini kwa kukosa korosho. Hidaya alisimama upande wangu akinishika mkono kwa nguvu. Alijua kilichokuwa kinaamuliwa, tulikuwa tumemweleza.

Evodi akasoma: "Msemaji wa nyumba ya Nangumbi."

"Mimi," akaitika dada Somoe.

Ilimtoka tu, kwa mazoea. Evodi alimtazama kwa huruma na kumwambia, mama, wewe si wa mji huu. Sikuwahi kumwona dada yangu akiaibika, na siku ile niliona. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua na kunitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ming'oko akaniita jina.

"Siwema, pinga. Mimi nimeshaishi. Pinga, mwanangu atoke humu kabla hajaingia."

Nilikuwa nimekuja kupinga. Nilikuwa nimelala na neno hilo mdomoni na nikaamka nalo. Lakini nilimwona amesimama hatua nne kutoka kwangu, na nikaona treni, na nikaona kwamba akipanda treni ile ataondoka akiwa hajanisamehe na sitapata tena Jumapili hata moja ya kumwomba. Ni hilo tu lililokuwa kichwani mwangu. Sikumfikiria Hidaya, ingawa mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

Maisha yangu yote nilitaka kuulizwa. Evodi akaniuliza mara ya pili.

"Nyumba ya Nangumbi inaridhia," nikasema.

Hidaya aliuachia mkono wangu. Dada Somoe akatugeuzia mgongo, na nyuma yangu nikasikia nyumba ya Chilumba inaitwa, kijana wao wa pili anaridhia, kisha iliyofuata ikaridhia, na iliyofuata, sauti za watu wasiozoea kusema, zinakwaruza, zinaridhia zote. Evodi aliweka alama kwenye daftari lake na kutushukuru kwa utulivu wetu.

Jumapili iliyofuata dada hakuja kwenye waya. Nilisimama na bakuli mpaka mlinzi akaniambia niende. Nimekwenda Jumapili tano sasa.

Jana Evodi alipita zahanati. Kisomajino kimeletwa shuleni, wanaanza Jumatatu na darasa la wakubwa, na fundi wao wa kutoka mkoani amepata homa. Ameniomba nikiendeshe mimi, kwa kuwa nina uzoefu na watoto wananijua, hawataogopa. Ameniachia orodha. Hidaya ni wa kumi na nne.